Kichanja cha Sufuria na Chumba chenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia chumba chenye dirisha. Si kufagia. Kikaoni!

Mkuu wa Malighafi kastaafu. Kaondoka na kikombe chake, miwani yake na kile kiti cha kuzunguka, kumbe kilikuwa chake mwenyewe. Dirisha kaliacha. Nje yake kuna ukuta wa jirani, mti mmoja mwembamba, na mawingu yanayojipitia bila kuulizwa yanakwenda wapi. Mimi ni mtu wa stoo. Miaka yote meza yangu iko chini ya ngazi. Mvua ikinyesha naisikia tu, sijawahi kuiona saa za kazi. Tena mara nyingine si mvua, ni tangi la choo cha juu linajaa. Nimeota ndoto tamu sana za masika kwa sababu ya tangi lile.

Nakitaka chumba hiki. Naandika wazi: nakitaka kuliko mshahara.

Na njia imepatikana! Karakana yetu inatengeneza vifaa vya matanuri. Leo kaja mteja, mama mwenye kiwanda cha sufuria za enameli, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu. Sisi tunamwita Mama Sufuria. Yeye hajui. Shida yake ni vichanja. Sufuria huning'inizwa kwenye kichanja cha chuma, zikachovywa kwenye tindikali kuondoa kutu, kisha baadaye zikaingia tanurini enameli iive. Vichanja vyake vinaoza kwenye tindikali na kupinda kwenye moto. Sasa anataka vya aloi ya nikeli, maana nikeli ikichanganywa vizuri haiogopi moto wala kutu. Bosi kasema atakayependekeza aloi inayofaa ndiye atakayerithi chumba.

Wagombea ni wawili. Mimi na Shemeji. Shemeji ni mdogo wa mke wangu, mpima metali wetu. Kazi hii nilimtafutia mimi! Analala chumba kimoja na binti zangu, anakula mezani kwangu, anasifia maharagwe ya dada yake, na sasa ananyemelea dirisha langu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kamwuliza Mama Sufuria maswali mengi. Tindikali ya aina gani. Moto mkali kiasi gani. Halafu kauliza kama sufuria hushushwa kutoka kwenye kichanja baada ya tindikali, kabla ya kwenda tanurini. Jibu sikulisikia. Wingu lilikuwa linapita, lina umbo la kiti cha kuzunguka.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua vipande vitatu stoo. Kimoja nikeli na shaba. Cha pili nikeli na kromi. Cha tatu nikeli na molibdeni. Vyote vinang'aa, vyote vizito, huwezi kuvitofautisha ila kwa alama. Nimevitia mfukoni. Njia nzima vimegongana kwa sauti ndogo ya kengele, nikajiona nimo katika msafara wa mfalme.

Shemeji anasema kila aloi ina tabia yake na lazima ipimwe kule kule itakakofanyia kazi. Maneno ya maabara. Mimi nimepima nyumbani. Tindikali: siki ya mke wangu. Moto: jiko la mke wangu.

Vyote vitatu vimeshinda siki. Safi! Nikahamia kwenye moto. Nikaanza na cha shaba, kikatoka na ngozi nyeusi, kimechoka. Nikaweka cha kromi. Lo! Kabla hakijawa chekundu kilipita rangi zote: majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu ya jioni. Nikachutama kuitazama ile buluu. Nikajiona dirishani, pazia linapepea, Bosi anabisha hodi na kungoja niseme karibu. Nilipozinduka mke wangu keshainjika maharagwe, na moto wote umemezwa na chungu. Cha molibdeni hakikupata zamu.

Haidhuru. Aliyeshinda tindikali atashindwaje na moto? Halafu lile jina! Molibdeni. Hilo ni jina la mtu mwenye dereva wake. Kromi ni jina la mbwa.

Usiku mke wangu kasema saladi inanuka funguo. Shemeji kaonja, katazama vipande vyangu kando ya jiko, kaniuliza taratibu kama nilikumbuka kukichoma cha tatu. Nimemwambia baadhi ya mambo mtu huyajua moyoni.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi unanukia.

Asubuhi nimempelekea Shemeji chai maabara. Si kwa upendo, kwa upelelezi. Nikiwa namimina sukari nimeuona mchoro wake. Vichanja viwili! Cha tindikali cha nikeli na shaba, cha moto cha nikeli na kromi. Viwili! Nimebana kicheko hadi nikamwaga chai. Mtu kaombwa chombo kimoja, analeta viwili. Sasa sufuria zitahamishwa na nani? Huu ndio uvivu wa akili.

Mchana tumetoa mapendekezo mbele ya Bosi. Shemeji kaongea kwa ufupi, kama anayeagiza unga dukani. Kasema hajaona aloi moja itakayostahimili tindikali ile na moto ule kwa muda mrefu, na kwa kuwa sufuria hushushwa hata hivyo, hakuna sababu ya kuilazimisha. Mimi nimesimama. Nimeongea juu ya metali moja, moyo mmoja, kutoka majini hadi motoni bila kubadilisha nguo. Nimesema molibdeni mara nyingi, na kila mara kwa sauti ya chini zaidi.  Bosi kasema hajaelewa kitu ila amesisimka.

Ameamua vichanja vyote vitengenezwe, vikajaribiwe kiwandani kwa Mama Sufuria. Atakayeshinda, dirisha.

Jioni nimemsimulia mke wangu. Kaendelea kukunja nguo, kisha kasema, "Baba watoto, mtaka yote hukosa yote." Nimemjibu chanda chema huvikwa pete. Kasema pete zenyewe zinataka kidole kilichotulia.

Ijumaa, 14 Machi

Vichanja tayari. Vimesimama uani karakanani, vitatu, changu kimoja na viwili vya Shemeji. Jua la saa kumi limevipaka dhahabu. Nimevitazama mpaka macho yakaanza kuona vitu. Niliona vikitembea polepole kuelekea kwangu, vimebeba pazia.

Ila kuna jambo limenisumbua. Fundi aliyevichomelea, mzee mcheshi ambaye tunamwita Cheche, kavigonga kimoja kimoja kwa nyundo ndogo. Changu kakigonga, kaguna. Cha Shemeji cha moto kakigonga, kasema hiki ni kidume. Hakuulizwa na mtu!

 Itakuwaje kikishinda kile? Nimetafakari chini ya ngazi, tangi likininyeshea mvua yake ya uongo. Hatimaye likanijia, wazo zuri mno. Kama kichanja changu kitashinda, nimeshinda. Kama chake kitashinda, basi na kikutwe na jina langu! Watu wakigeuza upau mkuu, ule unaobeba sufuria zote, wataliona: jina kamili. Watasema, kumbe naye alikuwemo. Ushahidi wa maandishi haubishaniwi.

Nikangoja Shemeji aende kunawa. Nikachukua chaki ya mafuta ya stoo, ile ya njano, nono, inayoshika kila kitu. Nikajilaza chali chini ya kichanja chake cha moto na kuandika kwenye tumbo la upau: jina langu, jina la baba, jina la babu. Herufi kubwa. Chaki imeishia kwa babu, nimemalizia kwa kuikandamiza na kidole.

Mlangoni kuna tangazo la Shemeji: futa mafuta, rangi na chaki zote kabla ya nikeli kuingia motoni. Limekuwepo tangu aajiriwe. Nadhani hapendi watu wajulikane.

Nikiwa bado chali, juu ya upau niliona anga, kipande kirefu chembamba chenye ndege mmoja. Nikajisemea, Jumatatu nitakuwa naitazama hii nimekaa.

Jumamosi, 15 Machi



Tumefika kiwandani asubuhi. Sijawahi kufika pale. Ni jengo refu, lina joto kama kukumbatiwa na shangazi mnene. Upande mmoja birika za tindikali, upande wa pili tanuri, katikati wanawake kwenye mabenchi. Wanafanya nini? Wanashusha sufuria zilizotoka kwenye tindikali, wanazisuuza, wanazichovya moja moja kwa mkono katika uji mweupe wa enameli, wanazianika, kisha wanazitundika upya. Yaani zinashushwa! Kila siku! Nimemwuliza Mama Sufuria kwa nini hakusema. Kasema alisema, siku ile ya kikao, na mimi niliitikia kwa kichwa.

Tindikali kwanza. Kichanja changu kimeingia, kimetoka kinatabasamu. Cha Shemeji cha shaba vilevile. Sare! Nimempa Shemeji mkono wa pole mapema. Kaupokea kwa adabu.

Halafu moto. Changu kikaenda kwanza, kwa ombi langu. Mlango wa tanuri ukainuliwa, ndani mna rangi ya chungwa tupu, hakuna kivuli, hakuna pembe. Sufuria zilining'inia mle zikawaka kama taa za sherehe ya watu wasioonekana. Nikasahau nilipo. Nilitamani kukaa pale siku nzima.

Kikatolewa. Cheusi! Halafu kilipoanza kupoa kikaanza kusema. Pa. Pa. Pa. Kila ikisikika pa, gamba jeusi linaruka na kutua kwenye enameli ambayo bado laini. Sufuria zote zikajaa madoa. Mama Sufuria kaokota moja kwa koleo, kaizungusha, kauliza kwa upole kama mimi nadhani anauza sufuria au anafuga kanga. Shemeji kasema molibdeni hufanya hivyo kwenye hewa yenye moto mkali, bila kromi ya kutosha haipati ngozi ya kuilinda. Kasema taratibu, kwa sikio langu tu. Ndiyo kwanza nikakumbuka yale maharagwe.

Sikukata tamaa. Mpango wa pili ulikuwa tumboni mwa upau!

Kichanja cha Shemeji kikaingia. Mzigo wa kwanza umetoka mweupe kama maziwa. Wa pili vilevile. Bosi kaanza kumpigia Shemeji makofi. Nikasogea polepole kuelekea kichanja, niwe karibu pindi watu watakapogeuza na kusoma.

Mzigo wa tatu. Mlango ukainuliwa, kichanja kikavutwa nje, kinawaka, kimenyooka. Halafu, katikati, upau mkuu ukatoa mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja njiti. Ukakatika. Sufuria zote chini! Enameli imeruka kila mahali. 

Shemeji aliweka mkono mdomoni. Sijawahi kumwona hivyo. Sitaficha, kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilikuwa hata nimefungua kinywa kusema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Cheche kangoja upau upoe, kaugeuza na koleo, kauinamia. Kavaa miwani. Kisha kasoma kwa sauti. Jina langu. Jina la baba. Jina la babu. Kila herufi imechimbika, na ndani ya kila herufi kuna nyufa. Mahali penye chuma kitupu hapana hata mkwaruzo. Ufa mkubwa umeanzia kwa babu, ukapita kwa baba, ukaja kuishia kwangu. Ukoo mzima umepasuka.

Shemeji kaeleza. Chaki za mafuta zina salfa. Nikeli ikipata moto haipatani na salfa hata kidogo, salfa huiingia ndani na kuifanya iwe ya kumeguka. Kaeleza bila kupaza sauti. Bosi kapaza kwa niaba ya wote. Mama Sufuria, mwanamke wa biashara, kakagua pau nyingine zote, kaona hazina tatizo, kasema basi aloi ni nzuri, mbovu ni mwandishi. Kaagiza vichanja vya Shemeji, aina zote mbili, na sharti kwamba mimi nisivikaribie.

Dirisha limekwenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda kitandani. Kupitia ukutani nilisikia mke wangu na mdogo wake wanaongea jikoni. Nilitega sikio nisikie nikisemwa. Walikuwa wanaongelea bei ya vitunguu. Iliniuma zaidi.

Naona aibu. Naliandika hili hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Shemeji alikesha kwa ajili ya mchoro ule, na nilipoona uso wake pale tanurini nilikumbuka siku alipokuja kwetu, ameshika begi moja na cheti ndani ya nailoni, akaniuliza shemeji, kweli watanipa kazi? Nikamwambia mimi nipo.

Mama Sufuria alinilazimisha nichukue sufuria moja ya madoa, iwe kumbukumbu. Binti yangu mdogo kaileta kitandani. Nimeiinamia ndani. Nyeupe pande zote, na vidoa vyeusi vimetawanyika bila mpango. Ukiitazama muda mrefu inakuwa anga ya usiku iliyogeuzwa rangi. Tumeitazama wote wawili, yeye ananionyesha nyota, mimi namkubalia. Mke wangu kapita, kasema ina nafasi ya kuloweka soksi.

Jumanne, 18 Machi

Ajabu! Naandika nikiwa dirishani!

Jana Bosi alikwishanipangia getini, nikafungue na kufunga. Leo asubuhi Shemeji kaingia kwake, mlango ukafungwa. Nimesikiliza kupitia tundu la ufunguo. Kasema chumba kimeshakuwa chake na ni kikubwa. Kasema yeye anatumia lenzi na taa, mwanga wa dirishani unamsumbua, anataka meza yake iwe pembeni kwenye giza. Upande wa dirisha utabaki bure. Kwa hiyo meza mbili, kila mtu mahali panapomfaa. Bosi kauliza kama amerukwa na akili. Kasema, "Bosi, yule ndiye aliyenishika mkono nikaingia hapa. Halafu ni mume wa dada yangu."  Mwishowe Bosi kasema sawa, angalau dirishani nitaonekana.

Nimehamisha meza kutoka chini ya ngazi. Nimeliaga tangi.

Na saa nane imenyesha! Mvua ya kweli! Ilianza kwa ule mti mwembamba, majani yakatikisika moja moja kama yanaitwa majina. Kisha ukuta wa jirani ukabadilika rangi kutoka juu kuja chini. Kisha ikawa kila mahali, nyeupe, imesimama wima. Sikujua kwamba mvua ikionekana huwa na sauti tofauti. Machozi yalinitoka, nikajifanya napenga kamasi. Nyuma yangu Shemeji aliinua kichwa kutoka kwenye lenzi, akauliza, "Nzuri, eh, shemeji?" Nikasema nzuri. Akarudi kwenye kazi yake. Sijawahi kupendwa hivi na mtu ninayeshindana naye.

Lazima nimlipe wema huu. Nimelifikiria muda wote wa mvua.

Kutoka hapa dirishani naona uani. Upau mpya wa kichanja chake umeshachomelewa, umelazwa chini ya kibanda, unang'aa, unangoja kupelekwa kwa Mama Sufuria kesho. Kitu kizuri vile, na hakina jina la mtu! Vizazi vijavyo vitajuaje? Safari hii nitaandika majina mawili, la Shemeji juu, langu chini. Huo ndio uungwana.

Na kosa la mara ya kwanza nimeshalijua. Shemeji mwenyewe alisema ni salfa. Salfa ni ya njano, kila mtu anajua, na chaki yangu ilikuwa ya njano. Nimeshuka stoo. Ipo ya buluu, nzima, haijaguswa. Iko mfukoni.

Jina la babu sitaliandika. Ufa ulianzia pale.